Culasse Iko Muzima

Kalemie, tarehe 22 mwezi wa 1, 2024

Kwa mutoto wangu Evodie, kule Kigoma,

Salamu nyingi kwako. Afya iko namna gani? Kile kikohozi kimekwisha? Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe. Mama yako goti linamuuma kila mvua ikinyesha, na mwaka huu inanyesha bila kupumzika. Ziwa limepanda tena, maji yamefika kwenye ukuta wa parselle, kile kiwanja cha Mama Denise. Mutoto wako Clémentine yuko muzima. Ameng'oka meno mawili ya mbele, na anaimba hesabu za kuzidisha mpaka sikio langu moja lililobaki linaomba huruma.

Kwa sababu ya sikio hilo naandika karatasi. Kwa simu nusu nasikia, nusu nabahatisha. Tena kuna muzigo. Thierry, yule baharia wa boti ya mbao, atakupatia barua hii pamoja na kitu kilichofungwa ndani ya gunia.

Gari inaugua. Ilianza siku za Noeli. Nikitoka Nyunzu na watu na mihogo yao, nikifika kwenye mupando, pale njia inapopanda kilima, mushale wa joto unakimbilia juu. Nasimama, natia maji, naendelea. Kesho tena vile vile. Maji yanapotea lakini chini ya gari hakuna hata tone. Nimebadilisha termostati. Nimesafisha radiateri. Pompe ya maji nimeifungua, nzuri. Halafu asubuhi moja, moteri ikiwa baridi kabisa, nikashika mupira wa juu wa radiateri: mugumu kama muguu wa mbuzi. Nikafungua kifuniko, nikawasha. Clémentine akachungulia, akasema, "Babu, maji yanacheka."

Yalikuwa mapovu. Moto wa silinda unapenya kwenye maji. Hiyo njo joint ya culasse, ile karatasi ya chuma inayokaa katikati ya moteri na kichwa chake. Ndani ya gunia kuna ile ya zamani, unitafutie mupya kwenye lile duka la vipuri unapofanya kazi. Angalia pembeni utaona vikato viwili. Vikato njo vinaonyesha unene. Usikubali ya kikato kimoja. Moteri ni 1HZ, silinda sita. Mutu akikuambia "inafanana," mwachie yake.

Unajua kwa nini naharakisha. Wiki iliyopita walinipigia kutoka kule kwenye shamba letu, mwanamuke alikuwa na uchungu siku mbili. Gari ilikuwa wazi hapa uani, moteri bila kichwa. Walimubeba kwa baiskeli. Mama amepona. Mutoto hapana.

Mimi papa yako,
Symphorien


Kigoma, 5 Februari 2024

Papa yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama wewe na Mama na Clémentine. Mimi sijambo, kikohozi kimeniacha. Mwambie Mama goti alipake mafuta ya nyonyo niliyompa Thierry, asiyaweke tu kabatini.

Gasketi nimeipata, vikato viwili. Nimeilinganisha na ya kwako hapo hapo kaunta, tundu kwa tundu, wateja wakinisubiri. Huku dukani ukisema "joint ya culasse" wanakutazama. Wao wanaita gasketi ya silinda hedi, nami nimezoea. Iko ndani ya boksi gumu, Thierry asiipinde.

Lakini Papa, bosi wangu ameuliza neno. Alipoona ile ya zamani ilivyoungua, akasema, "Mwambie mzee aipime na hedi yenyewe. Moteri hizi zikichemka mara nyingi, hedi hupasuka kati ya valvu. Akiweka gasketi mpya juu ya hedi yenye ufa, ameshona kiraka kwenye nguo iliyooza."

Kwa hiyo nakuuliza, culasse umeipima? Kuna mzee mmoja pale mtaa wa Mwanga anayevunja magari mabovu na kuuza vipande. Ana hedi ya 1HZ, nimekwenda na bosi, tumeiangalia, nzima kabisa. Amekubali kuniwekea mpaka mwisho wa mwezi. Wewe sema ndiyo tu, nitaipakia kwenye boti wiki hiyo hiyo. Usinionee huruma. Sema ukweli.

Mbusu mwanangu. Mwambie Septemba atasoma huku kwetu Kigoma, nimekwisha kuongea na mwalimu.

Binti yako,
Evodie


Kalemie, tarehe 16 mwezi wa 2, 2024

Evodie mutoto wangu,

Nakusalimu. Sisi tuko vizuri, na wewe tunakuombea. Mafuta ya goti yamefika, mama yako amepaka mara moja na kuyaficha, kama ulivyosema.

Joint imefika bila kukunjwa. Ni yenyewe. Toussaint, yule wa mashine ya kuchonga vyuma, alikuja kunisaidia kukaza bulo, zile munaita bolti huko, moja moja, kutoka katikati kwenda pembeni, kama inavyotakiwa.

Kuhusu ulichouliza, umuambie bosi yako asante. Nimeweka rula ya chuma juu ya culasse, imenyooka. Nimeangalia kati ya valvu zote. Culasse iko muzima. Miaka makumi tatu nafungua moteri, mutoto wangu, ningejua. Ile ya Mwanga mumuachie mwenye shida nayo.

Clémentine amesukwa nywele na Mama Constance, yule mujane wa ng'ambo ya avenue, anayekaanga mikate ya mafuta. Kila asubuhi anamupa mumoja wa bure akienda masomo. Mama yako anasema atamuharibu. Mimi nasema acha, mama yule hana mujukuu karibu.

Papa yako,
Symphorien


Kigoma, 1 Machi 2024

Papa,

Shikamoo, na salamu kwa wote. Umenitua mzigo kichwani. Ile hedi imechukuliwa jana na dereva wa Kasulu, aliipakia akiimba.

Thierry analeta viatu vya Clémentine. Vimezidi kidogo, avae na soksi. Niambie gari inavyotembea.

Binti yako,
Evodie


Kalemie, tarehe 20 mwezi wa 3, 2024

Evodie,

Salamu kutoka kwa sisi wote. Viatu anavivaa mpaka kitandani.

Gari inatembea. Nimefanya safari tatu za Nyunzu, mushale unakaa katikati. Inakunywa maji kidogo tu, kikombe, si kitu cha kuandikia barua. Watu wamefurahi. Kwenye soko mama mumoja alinishika mukono akasema, "Papa Symphorien, tulikuwa kama wafungwa."

Masomo yakifunga kwa Pasaka, mama yako atakwenda na Clémentine kwenye shamba, ile ya kilomita sabini, kuvuna mahindi. Mama Constance ataenda nao kusaidia. Mimi nitawafuata siku ya kuwarudisha.

Papa yako,
Symphorien


Kalemie, tarehe 2 mwezi wa 6, 2024

Evodie,

Sijui nikusalimu namna gani. Ulikuja, ulikuta tumekwisha kumuzika, ulikaa nasi siku kumi na mbili, ukarudi ng'ambo. Siku zile zote kumi na mbili nilitafuta mahali pa kukuambia, sikupata. Au nilipata, nikapita.

Unajua kile ambacho kila muntu anajua. Siku ya pili baada ya Pasaka nilifika kwenye shamba, nikamukuta Clémentine anapumua mbio, viganja vyeupe kama karatasi. Mufirmye, muuguzi wa kule, alisema, "Malaria imemumaliza damu. Hapa sina damu ya kumupa. Kimbia naye Kalemie sasa hivi." Nikamuweka mbele katikati yangu na mama yako. Mama Constance alipanda nyuma juu ya magunia. Kwenye mupando mushale ukaruka. Nikasimama, nikatia maji, nikaendelea. Ikaruka tena. Mara ya tatu ikatoa moshi mweupe, ikazimika, haikuwaka tena siku ile. Saa tano za muchana zilikuwa bado hazijafika. Nilimubeba mugongoni, tukatembea. Alikuwa anauliza kama tumefika. Pikipiki tuliipata jua likiwa limegeuka, na mutoto alikuwa amekwisha kunyamaza.

Niliwaambia wote: gari ilikufa, njo bahati mbaya.

Sasa kile ambacho sikusema. Mwezi wa pili, kabla ya kukuandikia kwamba culasse iko muzima, niliipima namna wazee walinifundisha. Unapaka petroli, unapangusa mpaka inakauka, unapaka unga wa chaki. Kama kuna ufa, petroli iliyojificha ndani inatoka polepole na kuchora kwenye chaki. Nilikaa juu ya kiti nikaangalia. Kwenye silinda ya ine mustari ukatoka, mwembamba kama unywele, kutoka valvu moja mpaka nyingine. Nikapangusa kwa kitambaa. Nikajiambia culasse nyingi za njia hii ziko na unywele kama huo na zinatembea. Hilo ni kweli, zinatembea. Toussaint alipokuja sikumuonyesha.

Kwa nini? Nimejiuliza kila siku. Wewe ulikuwa na culasse mukononi, ulisema nikuambie ndiyo tu. Nafikiri nilikuwa nimechoka kukaa uani, watu wanapita wananiangalia mimi na gari bila kichwa. Nilitaka ile joint iwe ndiyo ugonjwa wote. Tena bosi wako, muntu asiyenijua, aliona ng'ambo ya ziwa kitu ambacho mimi nilikuwa nacho kwenye goti. Hiyo iliniuma. Ni kitu kidogo namna hiyo, Evodie.

Ningebaki nimenyamaza mpaka kaburini. Lakini kuna Mama Constance. Yale maneno uliyoyasikia kwenye matanga hayakuisha. Wanasema kule shambani alimupa mutoto karanga kwa mukono wa kushoto, kwamba yeye njo alimula kwa uchawi. Mujomba wako Edmond anaongoza. Walimupindulia karai ya mafuta barabarani. Wanatupa mawe juu ya bati lake. Mutoto wake Jovial, yule anayefanya kazi kwenye port, bandarini, alikuja, akasimama mbele ya watu wote akamuambia, "Kuanzia leo usinijue." Na Edmond alipoingia kwangu kuniambia, "Shemeji, muntu tumemupata," nilikuwa nimekaa hapa hapa ninapoandika. Nilimuambia asante.

Sijamuambia mama yako. Wewe njo wa kwanza.

Symphorien


Kigoma, 15 Juni 2024

Papa,

Nilikuuliza. Barua yako ninayo hapa mezani: "Nimeangalia kati ya valvu zote." Kila neno la hapo ni kweli, na ndiyo maana nashindwa kuisoma mpaka mwisho. Uliangalia, ukaona.

Hedi ingekuwa Kalemie kabla ya Machi. Naijua ilipo sasa. Yule dereva wa Kasulu hupita hapa dukani kununua oili, ananisalimia, gari lake linanguruma nje. Wiki hii nilimwomba mwenzangu amhudumie, nikaenda kukaa stoo.

Sitaandika juu ya mwanangu. Nikianza sitamaliza na boti inaondoka.

Naandika juu ya Mama Constance. Siku niliyofika matangani alikuja kunipa mkono. Alikuwa amelia mpaka macho yamefumba. Mjomba Edmond alikuwa amekwisha kuninong'oneza, nami nikauficha mkono wangu ndani ya kitenge. Mbele ya watu. Nilikutazama wewe, Papa. Ungetikisa kichwa tu, ningemshika. Ulitazama chini.

Aliyemsuka mwanangu, nimemfanyia hivyo.

Simama useme. Usimwambie padri peke yake, wala usimwambie Mama gizani. Sema mbele ya wale wale waliotupa mawe, kwa sauti, kwa jina lako. Halafu umtafute yeye umwambie. Ukiwa hujafanya hayo usiniandikie, wala Thierry asiniletee salamu.

Evodie


Kalemie, tarehe 4 mwezi wa 8, 2024

Evodie,

Nimefanya. Nakuambia namna ilivyokuwa, bila kupunguza.

Jumapili moja, misa ilipofika kwenye matangazo, niliomba ruhusa kwa katekista. Alifikiri nataka kutangaza misa ya kumukumbuka mutoto. Nilipanda, nikasema, "Mimi Symphorien, niliona ufa kwenye culasse ya gari yangu mwezi wa pili. Nilificha. Mutoto wangu wa ng'ambo aliniuliza, nikamudanganya. Clémentine alikufa njiani kwa sababu gari ilisimama. Mama Constance hana kosa lolote. Nilijua hana, nikanyamaza mukimutesa."

Kisha mama yako akanyanyuka kutoka kwenye viti vya wamama, akapita katikati, akatoka. Hakugeuka.

Nje Edmond akanishika bega. "Shemeji, huzuni imekuharibu akili. Yule mwanamuke tunamujua."

Nikamuambia, "Edmond, njoo uani nikuonyeshe. Nitapaka petroli, nitapaka chaki, utaona kwa macho yako."

Akasema, "Hata kama kuna ufa, nani aliuweka?"

Nikageuka, nikaenda uani bila yeye. Lakini wamama wawili walikuja kuona. Nilifungua moteri mbele yao. Mustari ulitoka. Mumoja alianza kulia, akasema yeye njo alipindua karai.

Mama Constance alikuwa amekwisha kuondoka, wiki tatu kabla ya ile misa. Alipanda treni ya Kabalo na kitambaa kimoja cha vitu. Nilisubiri treni siku sita, nikamufuata. Nilimukuta karibu na stesheni, amekaa chini, anauza mihogo ya kuchoma juu ya gunia. Amekonda. Aliponiona alivuta gunia lake nyuma kama muntu anayengoja pigo.

Nilipiga magoti, nikamuambia yote. Alisikiliza huku anageuza mihogo.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

"Na mimi walinifukuza mwezi wa sita."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa unaniona kutoka mulangoni kwako, wakati wa mawe?"

"Nilikuwa nakuona."

Muteja alikuja, Mama Constance akamufungia muhogo kwa jani, akamurudishia chenji. Halafu akasema, "Papa Symphorien, nyanyuka, unanifukuzia watu. Mimi sina kazi na machozi yako. Nenda ukaseme kwa Jovial."

Nikamuomba arudi. Nyumba yake bado iko. Akasema, "Kurudi wapi? Kwa wale walioamini?"

Nilikwenda kwa Jovial kwenye port, nikamukuta anahesabu magunia ya saruji. Alinisikiliza amesimama. Akaniuliza, "Nilimukana mama yangu mbele ya watoto wangu. Unataka sasa nifanye nini?" Nikamuambia aende Kabalo. Akasema ataenda. Ni wiki mbili, hajaenda. Nitarudi kwake kesho, na kesho kutwa.

Wiki iliyopita walikuja kwa ajili ya muzee wa njia ya Nyunzu, mugonjwa sana. Moteri nilikuwa nimeifunga tena, na ikiwa baridi bado inawaka. Walisema, "Tia maji tu, tutafika." Walinisihi sana, na mimi nikaona mukono wangu unatafuta ufunguo. Niliwatafutia pikipiki. Siku ile ile nilitoa magurudumu yote ine nikamupelekea Toussaint. Nilimuambia asinirudishie hata nikilia.

Mama yako hasemi nami. Aliniambia neno moja tu tangu ile misa: "Uliniacha miezi mitatu namuomba Mungu amuadhibu mwanamuke asiye na kosa. Maombi yale nitayaweka wapi?" Jana alifunga vitu vyake. Leo asubuhi alipanda boti ya Thierry, itaondoka jioni na barua hii. Niliusindikiza muzigo wake mpaka majini, yeye alitangulia mbele. Akifika, mupokee. Goti linalomuuma ni la kulia.

Papa yako,
Symphorien


Kigoma, 30 Agosti 2024

Papa,

Shikamoo.

Mama alifika salama. Ziwa lilikuwa limechafuka, alitapika njia nzima, lakini sasa anakula uji. Analala kwenye kile kitanda cha mtoto nilichokuwa nimekinunua kwa ajili ya Septemba. Siku mbili za kwanza alikataa, akalala chini. Siku ya tatu nilimkuta amelala pale, amekunja miguu ienee.

Hataki nikuandikie. Naandika hapa dukani, wateja wakipungua.

Nimemwandikia Mama Constance, nimempa Thierry ampatie mtu wa treni ya Kabalo, ampelekee pale stesheni. Nimemwomba radhi kwa ule mkono niliomficha. Hajajibu. Sidhani kama atajibu, na sitamuuliza tena. Jovial endelea kumfuata. Akikufukuza, rudi kwake tena.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Ulifanya nilichokuomba, hukupunguza, nimeona. Nilidhani ukifanya nitapata nafuu. Sijapata. Asubuhi nikifungua duka nakuwa na hasira na wewe kabla hata sijawasha taa, halafu mchana mtu anakuja na sauti kama yako, anauliza bulo, nageuka haraka.

Usije Kigoma. Mama hawezi kukuona, na mimi sijui ningefanya nini ukitokea mlangoni. Siku ikiwepo nitakwambia. Siahidi kwamba itakuwepo.

Lakini usinyamaze tena. Hilo siliwezi. Kila boti ya Thierry, niandikie: umekula nini, kaburi limepaliliwa, Jovial amekwenda au hajakwenda. Yaliyo mabaya uyaandike kwanza.

Wewe andika. Kusoma nitasoma. Kujibu, bado.

Mtoto wako,
Evodie